Pampu ya maji inavuja: je, mkanda wa taimingi nao ubadilishwe?

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina Volkswagen Golf ya mwaka 2006, injini ya dizeli 1.9 TDI, gia za mkono, iliyoingizwa kutoka Uingereza. Niliinunua mwaka jana hapa Morogoro kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mwingine, bila kitabu cha huduma. Dashibodi inaonyesha 92,000. Nilipoipeleka kubadilisha oili, fundi alifungua kifuniko cha plastiki pembeni mwa injini, akautazama mkanda wa taimingi na kusema mpira bado ni mzima, hauna nyufa, ila pampu ya maji ina chozi la rangi ya waridi. Ameshauri tubadilishe pampu peke yake, mkanda uleule urudishwe kwa kuwekewa alama za tipeksi. Fundi wa pili anasema nibadilishe mkanda, rola zake zote na pampu kwa mkupuo mmoja, na gharama yake ni karibu mara tatu. Jirani yangu mwenye Prado ya dizeli alibadilisha mkanda bila kugusa pampu, na anasema taa huwaka yenyewe wakati ukifika. Kwangu hakuna taa iliyowaka. Tangu mwezi uliopita ninaongeza maji kidogo kila wiki. Mwisho wa mwezi natarajia kwenda Mbeya na watoto. Nani anasema kweli? Na je, naweza kwenda kwanza, nikatengeneza nikirudi?"

Jibu:

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye tarehe. Usiende Mbeya kabla kazi hii haijafanyika. Kati ya mafundi wako wawili, wa pili ndiye aliyekupa ushauri unaolingana na injini uliyonayo. Wa kwanza ana jicho zuri, maana wengi hawalioni chozi la pampu mpaka gari lichemshe barabarani, lakini tiba aliyoipendekeza ingekufanya ulipie ufundi mara mbili huku ukibaki na hatari ileile. Jirani yako naye hakukosea kwa gari lake, ila Prado yake na Golf yako zimejengwa tofauti mahali hasa tunapopazungumzia.

Kabla sijaingia ndani ya injini, kuna jambo katika maelezo yako ambalo nadhani limewapita nyote watatu. Umeandika kwamba dashibodi inaonyesha 92,000, wala hukutaja kipimo. Gari lililouzwa mara ya kwanza Uingereza huhesabu maili. Litazame duara la spidi: ikiwa namba kubwa ni za maili kwa saa, na zile ndogo zilizo pembeni ndizo za kilometa, basi gari lako limetembea maili 92,000, yaani takriban kilometa 148,000. Kwa injini hizi za miaka hiyo, ratiba ya huduma huutaka mkanda ubadilishwe mara nyingi kwenye kilometa 120,000 au 150,000, kutegemea namba ya injini na mwaka wa kutengenezwa. Mtu anayesoma 92,000 kama kilometa hudhani ana akiba kubwa mbele yake, kumbe amefika ukingoni au ameshauvuka. Tena hapo tunaiamini namba hiyo, na sote tunajua kwamba namba za dashibodi huweza kurudishwa nyuma.

Kilometa zenyewe ni nusu tu ya hesabu. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na ndiyo sababu mafundi wengi wa Uingereza huhesabu pia miaka, kwa kawaida minne au mitano tangu mkanda ufungwe. Kama mkanda wako ndio uliotoka nao kiwandani, kwa umri umepitwa na wakati kwa mbali sana. Yawezekana mwenye gari wa zamani aliubadilisha. Tafuta stika ndogo kwenye kifuniko cha mkanda, kwenye ukingo wa boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, maana gereji nyingi za kule hubandika stika yenye tarehe na maili za siku ya kazi. Usipoikuta, na hakuna risiti, kanuni ya kazi yetu ni moja: mkanda usio na historia huchukuliwa kuwa muda wake umekwisha.

Sasa tuone mkanda huu unafanya nini. Ndani ya injini kuna mihimili miwili inayotakiwa kuzunguka kwa mpangilio usiobadilika. Krenkshafti, iliyoko chini, hupokea nguvu ya pistoni. Kemshafti, iliyoko juu kwenye silinda hedi, hufungua na kufunga valvu. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja kamili, bila kupungua wala kuzidi, na kinachoilinda hesabu hiyo ni meno ya mkanda wa taimingi. Ukiwa barabara kuu kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika, krenkshafti huzunguka mara 40 kila sekunde na kila valvu hufunguka mara 20 katika sekunde hiyohiyo.

Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na kwenye injini yako hewa hubanwa kwa uwiano wa karibu 19 kwa 1. Ili kuibana kiasi hicho, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni ndogo mno. Katika 1.9 TDI pistoni hupanda hata kuuzidi uso wa bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, kwa karibu milimita moja, na gasketi ya hedi huchaguliwa kwa unene unaolingana na mwinuko huo. Valvu nazo zimening'inia wima juu yake. Maadamu mpangilio upo, valvu huwa imeshajifunga pistoni inapofika juu. Mkanda ukikatika au ukiruka meno kadhaa, kemshafti husimama ilipo au huchelewa, valvu zilizokuwa wazi hubaki wazi, na pistoni huzigonga. Valvu hupinda, lifta zake hupasuka, na mara nyingine kemshafti yenyewe huvunjika. Kwa hiyo dhana kwamba mkanda ukikatika gari litazima tu uvutwe hadi gereji haikuhusu. Ilitokana na baadhi ya injini za petroli za zamani ambazo ziliachiwa nafasi ya kutosha. Kwako, hedi itashushwa, na gharama yake itaifanya ile ya fundi wa pili ionekane ndogo.

Injini yako ina mzigo wa ziada ambao wengi hawaujui. Katika 1.9 TDI ya kizazi chako kila silinda ina injekta, yaani kinyunyizio cha dizeli, yenye pampu yake ndani, na pampu hiyo husukumwa na kemshafti kupitia roka, mkono mdogo wa chuma. Shinikizo la dizeli humo hufika takriban bar 2,050. Nguvu ya kuzalisha shinikizo hilo hutoka kwenye krenkshafti na kupanda juu kwa kupitia mkanda huohuo, tena kwa mapigo, kila injekta inapobonyezwa kwa zamu yake. Ndiyo maana mkanda wake ulifanywa mpana, karibu milimita 30, na ndiyo maana simwachii mtu aufananishe na mkanda wa gari dogo la petroli ambao kazi yake ni kuzungusha kemshafti tu.

Fundi wako alisema mpira hauna nyufa, nami sina shaka alisema alichokiona. Mikanda ya zamani ilipasuka migongoni kabla ya kukatika, hivyo jicho lilitosha. Mikanda ya sasa imetengenezwa kwa mpira wa aina nyingine unaostahimili joto na oili, na uimara wake uko kwenye nyuzi za kioo zilizofichwa ndani. Nyuzi hizo huchoka na kukatika moja moja bila mgongo wa mkanda kuonyesha chochote. Nyufa hatari zaidi huanzia kwenye shina la jino, upande wa ndani ambao hauonekani mkanda ukiwa umefungwa. Zaidi ya hayo, ukifungua kifuniko cha juu peke yake unaona kipande kifupi tu. Rola za chini, ambazo grisi yake ilitiwa kiwandani na haiongezwi tena, huzioni kabisa. Mkanda mzima juu ya rola iliyokauka una maisha mafupi.

Tuje kwenye pampu, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Kwenye Golf yako pampu ya maji imechomekwa ubavuni mwa bloku, imeshikwa na bolti tatu, na puli yake yenye meno inazungushwa na mkanda wa taimingi. Mhimili wa pampu unapita kwenye sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi. Kati ya sili na beringi, watengenezaji huacha tundu dogo, ili sili ikianza kuchoka maji yatokee nje kabla hayajaiharibu beringi. Chozi la waridi alilolikuta fundi ndiyo ishara iliyokusudiwa. Kulenti, yaani maji ya kupozea injini, ya Volkswagen ina rangi ya waridi au zambarau, nayo ikikauka huacha ukoko mwepesi kama chumvi. Ukiona ukoko huo chini ya pampu, ujue uvujaji haukuanza jana.

Kwa kuwa pampu yako iko ndani ya eneo la mkanda, maji hayo hayadondoki moja kwa moja ardhini. Mengine hurushwa kwenye mkanda na rola. Mpira na beringi havikutengenezwa ili kuoga kulenti. Baya zaidi ni beringi ya pampu yenyewe kulegea: puli huinama kidogo, mkanda huanza kutembea kuelekea pembeni, ukingo wake unasagika na kutoa nyuzi. Na pampu ikikwama kabisa, mkanda unaoendelea kuvutwa na krenkshafti hukatwa meno papo hapo. Hapo utakuwa umepoteza injini kwa ajili ya pampu. Hii ndiyo sababu yangu ya kusema kwamba pampu, mkanda, tenshena (rola inayoukaza mkanda) na rola vihesabiwe kuwa kitu kimoja: chochote kati ya hivyo kikishindwa, vingine vyote vinakwenda nacho, na valvu juu yake.

Hapa ndipo Prado ya jirani inapotofautiana nawe. Kwenye Prado yenye injini ya dizeli ya lita 3.0 ya familia ya KD, pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa nje, ule unaoonekana ukifungua boneti. Pampu yake ikivuja, hubadilishwa bila kuugusa mkanda wa taimingi, na pampu ikikwama, taimingi haiguswi. Kubadilisha mkanda peke yake lilikuwa jambo la busara kwake. Taa anayoizungumzia ipo kweli, imeandikwa T-BELT, lakini nayo haiukagui mkanda. Inahesabu kilometa tu, na fundi asipoirudisha mwanzo baada ya kazi, au akiirudisha bila kufanya kazi, hesabu yake haina maana. Golf yako haina taa hiyo, kwa hiyo ukimya wa dashibodi usikufariji. Wasomaji wengine wenye dizeli wasikimbilie gereji kwa kusoma jibu hili, maana Isuzu D-Max ya lita 3.0 yenye injini ya 4JJ1 na Mazda CX-5 ya lita 2.2, kwa mfano, hutumia mnyororo, na mnyororo una habari zake nyingine.

Suala la tipeksi linahitaji nafasi, kwa kuwa ni desturi iliyoenea, na si ya kipumbavu. Fundi huweka alama nyeupe kwenye mkanda na kwenye kila puli, huvua, hubadilisha anachobadilisha, kisha hurudisha alama mahali pake. Kwenye injini nyingi za zamani njia hii hufaulu. Kwenye injini yako ina kasoro tatu. Ya kwanza ni kwamba alama hunakili hali iliyopo. Kama aliyefunga mkanda kabla yake alikosea, kosa linarudishwa kwa uangalifu mkubwa. Ya pili ni kwamba puli ya kemshafti kwenye 1.9 TDI imeshikwa na bolti tatu zinazopita kwenye matundu marefu, na kazi sahihi hutaka bolti hizo zilegezwe ili puli ijipange mkanda unapokazwa. Alama ya rangi haiwezi kukuambia kemshafti yenyewe imesimama wapi nyuma ya puli hiyo. Ya tatu ni mkazo wa mkanda, ambao hupimwa kwa mshale wa tenshena na hauna uhusiano wowote na tipeksi.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Injini husimamishwa pistoni ya kwanza ikiwa kileleni. Krenkshafti hufungwa kwa kifaa maalumu kinachoingia kwenye meno ya puli yake, na kemshafti hufungwa kwa pini. Kifaa cha krenkshafti kiko cha aina mbili, kwa sababu baadhi ya injini hizi zina puli ya duara na nyingine zina puli iliyobonyea kidogo mfano wa yai. Fundi asiyejua tofauti hiyo bado hajaifahamu injini hii. Bolti tatu za puli ya juu hulegezwa, mkanda mpya huvishwa, tenshena huzungushwa mpaka mshale wake ukae katikati ya pengo lake, kisha nati na bolti hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu. Baada ya hapo vifaa vyote hutolewa, injini huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenkshafti, na pini pamoja na kile kifaa hurudishwa kuthibitisha kwamba vinaingia bila kulazimishwa. Mizunguko hiyo miwili ndiyo mtihani. Ikiwa kuna kosa, mkono utakutana na kizuizi kabla valvu haijapinda. Staata haina huruma hiyo. Mwenye mashine ya uchunguzi anaweza pia kusoma namba inayoonyesha tofauti kati ya kemshafti na krenkshafti injini ikiwa ya moto, na namba hiyo inatakiwa kuwa karibu na sifuri.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili ujue cha kuuliza. Mwulize fundi wa pili, kwa adabu, kama anavyo vifaa vya kufungia krenkshafti na kemshafti vya injini hii, na uombe kuviona. Ni vidogo, vinaenea kwenye mfuko, wala si vya bei ya kutisha. Ukikosa gereji yenye navyo Morogoro, ni afadhali kumfuata fundi mwenye navyo Dar es Salaam na kumlipia nauli aje, kuliko kuliendesha gari hilo karibu kilometa 190 kumfuata yeye.

Kuhusu gharama, elewa fedha zinakwenda wapi. Ili kuufikia mkanda, injini hushikiliwa kwa jeki au kwa winchi, mkono unaoibeba upande wa kulia huvuliwa, na vifuniko hutolewa kwa zamu. Kazi hiyo huchukua nusu siku hadi siku nzima, nayo ni ileile iwe unabadilisha pampu peke yake, mkanda peke yake, au vyote. Pampu peke yake inaonekana rahisi leo kwa sababu unalinganisha risiti mbili. Hulinganishi risiti moja ya kazi yote na risiti mbili za kazi iliyogawanywa. Ukibadilisha pampu sasa na mkanda baada ya miezi sita, utalipa ufunguaji mara mbili na kulenti mara mbili. Chaguo la kubadilisha mkanda na rola na kuiacha pampu lingejadilika kama pampu ingekuwa kavu na yenye historia inayojulikana. Kwako inavuja, kwa hiyo mjadala umefungwa. Kama fedha hazitoshi mwezi huu, chaguo la heshima ni kuliegesha gari, upande basi, na kufanya kazi yote mwezi ujao. Sisemi hivyo kwa wepesi, najua nauli ya familia nzima hadi Mbeya si kitu kidogo.

Kwenye spea, omba seti kamili: mkanda, tenshena, rola zake, pampu na sili yake, pamoja na bolti mpya za mkono wa injini, kwa kuwa bolti hizo huvutika zikikazwa na hazitakiwi kurudiwa. Usinunue kwa kutaja "Golf ya 2006" tu. Toa namba ya chesisi na herufi za injini, maana mwaka mmoja ulikuwa na injini zaidi ya moja. Kampuni kama Continental, Gates, INA, SKF na Dayco hutengeneza seti za kuaminika, na kwa sababu hiyohiyo ndizo zinazoigwa. Duka la Kariakoo lisilotaka kukupa risiti yenye jina la bidhaa limekwishakujibu swali lako. Ukifungua boksi, linganisha mkanda mpya na wa zamani kwa idadi ya meno na upana, hakikisha haukuwahi kukunjwa, kisha zungusha pampu kwa mkono: iende laini, isicheze. Mafundi hubishana sana juu ya panga za pampu, kama za plastiki ni duni kuliko za chuma. Ni kweli kuna panga za plastiki zilizowahi kupasuka au kuteleza kwenye mhimili, gari likachemsha bila tone kuvuja, lakini kwa maoni yangu ubora wa beringi na sili ni muhimu zaidi, na pampu ya chuma ya bei ya kutupa si afadhali. Sili ya pampu hulowanishwa kwa kulenti tu; ukimwona mtu anaipaka gundi ya gasketi, mzuie.

Sasa maji unayoongeza kila wiki. Wengi wetu tumezoea kusema kulenti ni ya nchi za baridi. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja. Nyingine ni kuchelewesha kuchemka, kuzuia kutu ndani ya bloku na rejeta, na kulainisha sili ya pampu. Maji ya bomba huacha magadi na kutu, na vyote viwili huisaga sili mpya. Baada ya kazi, mfumo uoshwe, kisha ujazwe kulenti inayokidhi kiwango cha Volkswagen, G12+ au iliyoifuata, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri yanafaa, mradi usome chupa na uhakikishe si asidi. Usichague kwa rangi, kwa kuwa rangi haina sheria. Soma kiwango kilichoandikwa. Usichanganye pia na ile ya kijani au ya buluu uliyoikuta stoo, maana mchanganyiko wa aina zisizopatana huweza kugeuka tope la kahawia. Gari lijazwe polepole, liwashwe hita ikiwa wazi mpaka feni ya rejeta izunguke, liachwe lipoe kabisa, ndipo kiwango kiongezwe. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.

Huenda unajiuliza kwa nini ninaisisitiza safari hii, wakati kila siku unakwenda kazini bila shida. Mjini injini haipewi mzigo mrefu. Kuelekea Mbeya utaanza na joto la Mikumi, ambako barabara hupita katikati ya hifadhi na si mahali pa kuegesha gari lenye watoto usubiri lipoe, halafu utaupanda mlima Kitonga nyuma ya malori, kwa gia ya pili, mwendo mdogo, upepo hafifu kwenye rejeta. Hapo ndipo pampu inayovuja huhitajika kuliko mahali pengine pote, na hapo ndipo maji uliyoyaongeza nyumbani humalizika. Injini ya dizeli iliyochemsha mara moja huweza kupinda hedi au kuunguza gasketi yake, na huo ni ugonjwa mwingine mpya.

Mpaka siku ya kazi, endesha kwa umbali wa lazima tu, angalia kiwango cha kulenti kila asubuhi injini ikiwa baridi, na usiupuuze mshale wa joto. Kuna dalili ambazo hazingoji miadi: mlio wa kukwaruza au wa kulia upande wa mkanda unaobadilika kwa kasi ya injini, mshale wa joto kupanda, hita kupuliza hewa baridi ilhali injini ni ya moto, au dimbwi chini ya gari. Ukiona mojawapo, zima, na gari lipelekwe kwa kuvutwa. Baada ya kazi nako, kama gari linachelewa kuwaka, linatoa moshi kuliko zamani au limepoteza nguvu, lirudishe kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu taimingi iliyokosewa kidogo huwaka na kutembea, na mwenye gari huizoea.

Na kama mkanda utakatika kabla hujafika gereji, injini itazima ghafla na staata itazunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Usijaribu tena kuwasha, wala usikubali gari lisukumwe likiwa kwenye gia, kwa kuwa kila mzunguko unaongeza valvu zilizogongwa. Fundi aweke mkanda na kuupanga, azungushe injini kwa mkono, apime mgandamizo wa kila silinda au achungulie kwa kamera ndogo kupitia tundu la plagi ya joto, ndipo akutajie bei. Anayekuambia bei ya hedi kabla ya vipimo hivyo anakisia.